Imani ya Wagumu

Lango la Marangu huamka kabla ya kijiji chake. Saa moja na nusu asubuhi magari ya kampuni za utalii yalikuwa yameshajipanga kando ya uzio, na vijana wamesimama vikundi vikundi katika makoti waliyoachiwa na wageni wa misimu iliyopita. Hawa ndio wagumu, kama wapagazi wa Kilimanjaro wanavyojiita wenyewe. Wenye kazi walikuwa wakifunga mizigo. Wasio na kazi walikuwa wakiwatazama viongozi wa misafara usoni, maana mtu hupata siku zake tano au sita za ujira kwa kunyooshewa kidole tu.

Kiongozi wetu ni mtu wa Mamba, jirani na Marangu, amevuka miaka hamsini, mfupi, mwenye sauti nzito ya mwimba besi wa kwaya. Nilikuwa nimemtafuta kwa makusudi. Mchungaji mmoja wa Moshi aliniambia kwamba nikitaka kuona jinsi mtu anavyoweza kumpata Mungu safarini, nipande mlima na bwana huyu na nitembee nyuma, pamoja na mizigo. Nikajiunga na kundi lake: wafanyakazi wa ofisi kutoka Dar es Salaam na Dodoma, pamoja na mume na mke wastaafu kutoka Ujerumani.

Aliwaita wagumu wake wote wasogee. Nikadhani tunaanza na sala, nikavua kofia. Kumbe aliagiza mizani. Kila salfeti ikatundikwa kwenye ndoano na uzito wake ukasomwa kwa sauti. Kanuni ni kilo 20 kwa mgumu mmoja, ukiacha nguo zake mwenyewe. Mzigo wa jikoni ulisoma 24. Akaamuru mtungi wa gesi utolewe, akamwita kijana mmoja aliyekuwa ameketi juu ya jiwe na dalili zote za mtu anayejiandaa kurudi nyumbani. Kijana alikuja mbio, buti hazijafungwa kamba. Ndipo kiongozi naye akavua kofia, akaomba kwa sentensi tatu: tupande salama, tushuke salama, na waliobaki nyumbani watukute wazima.

“Ukimzidishia mtu kilo tano halafu ukamwombea nguvu,” aliniambia tulipoanza kupanda, “unamsumbua Mungu kwa kazi yako mwenyewe.”

Njia ya Marangu huanzia ndani ya msitu wa mvua. Miti imevaa kuvu ya kijani mpaka kwenye matawi, maji yanasikika kila upande, na mbega hupita juu na mikia yao myeupe. Chini, penye unyevu, huota ua dogo jekundu lenye ncha ya njano, limejikunja mfano wa mkonga. Haliko popote duniani isipokuwa kwenye mlima huu. Wageni huinama kulipiga picha. Wagumu huwapita wakiwa na mizigo kichwani, wakimsalimu kiongozi wetu kwa Kichaga, “Shimbonyi, meku!”, na kuwaachia wageni lile neno la siku zote, pole pole.

Nilimwuliza kama anamfahamu Rebmann.

“Yule wa mwavuli? Tulisomeshwa.”

Johannes Rebmann, Mjerumani aliyekuwa akiitumikia CMS, jumuiya ya kimisionari ya Uingereza, aliondoka Rabai, nyuma ya Mombasa, Aprili 1848, mkononi ana mwavuli. Msafara wake mdogo uliongozwa na Mswahili aitwaye Bwana Kheri. Tarehe 11 Mei aliona weupe kwenye kilele cha mbali. Watu wa pwani walikuwa na simulizi zao za fedha na mapepo. Yeye akatambua kwamba ni theluji. Alipoketi kupumzika alifungua Zaburi aliyokuwa amefikia katika usomaji wake, nayo ilikuwa ya 111, yenye kusifu matendo ya Mungu, akaandika katika shajara kwamba ilimgusa maradufu mbele ya mlima ule. London hawakumsadiki. Mwanajiografia W. D. Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga huku, alimkejeli kwa miaka, akishikilia kwamba theluji karibu na ikweta ni ndoto ya mchana. Mwaka 1871 mmisionari mwingine, Mmethodisti Charles New, alipanda mpaka akaigusa kwa mikono yake.

Kiongozi wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaongeza fungu lake. “Sasa tazama. Mmisionari alifika kwa sababu Mwislamu alijua njia, na watu wengine walibeba chakula chake. Injili ilikuja Uchagani juu ya vichwa vya wagumu. Hilo mchungaji akilisahau, mimi humkumbusha.”

Wala haikukuta watu wasiomjua Mungu. Wachaga walimwita Ruwa, na wafu wao waliwazika nyuso zikielekea Kibo, kilele kikuu cha mlima huu. CMS walipofungua kituo Moshi mwaka 1885, kisha Walutheri wa Leipzig walipofika 1893, na Wakatoliki walipojenga Kilema, wote walihubiri mbele ya watu ambao macho yao yalikuwa yamezoea kuinuka. Hata kwenye vibanda vya kulala mlimani historia hiyo imebadilisha majina: Mandara, kituo cha kwanza, kiliitwa Bismarck enzi za Wajerumani, Horombo, cha pili, kiliitwa Peters. Leo vyote vina majina ya mamangi, watawala wa Kichaga.

Horombo, mita 3,720, mawingu yako chini ya miguu. Msitu umekwisha, na badala yake kuna vichaka vikavu na ile mimea mirefu ya seneshio, shina nene lililovikwa majani makavu, kichwani kichala cha majani mabichi. Kunguru wenye ukosi mweupe hutembea kati ya vibanda kwa madaha, wakikagua kila mfuko uliofunguliwa. Hapa wageni hupumzika siku nzima ili mwili uzoee hewa nyembamba. Mchana tulipanda hadi Mawe ya Pundamilia, mwamba wenye mistari myeusi na myeupe, na wengine walipokuwa wakipiga picha, kiongozi alikaa mahali pa kukingia upepo akanisimulia kisa chake mwenyewe.

Alikuwa na miaka ishirini na miwili, amemaliza darasa la saba, kazi hana, mbege, pombe ya ndizi, anayo kila jioni. “Nilibatizwa mtoto,” alisema, “lakini nilikuwa Mkristo wa cheti.” Nyumbani kwao kulikuwa na ugomvi wa mpaka. Uchagani mpaka wa kihamba, shamba la nyumbani, hupandwa masale, mmea wa majani marefu ya kijani usiokufa upesi. Baba yake aliamini kwamba jirani aliung'oa mstari wa masale usiku na kuupanda tena hatua kadhaa ndani ya shamba lao, ukameza migomba na kipande cha mfongo wa maji. Walipelekana kwa wazee, wakapelekana barazani, na watoto wakakatazwa kusalimiana.

Mwaka huo wa mvua kubwa alipata kazi ya ugumu kwa njia ya Machame. Alipofika langoni akamkuta yule jirani katika msafara huo huo, mtu mzima, mzee wa kanisa. Hawakusemeshana. Walipotoka kambi ya Shira mvua iliwakamata, ikageuka mvua ya mawe, na njia ikawa mto.

“Nina sweta la mtumba na raba. Nikatetemeka mpaka nikachoka kutetemeka, nikaona afadhali nikae. Siku hizi ndiyo najua: kwenye baridi, mtu akiacha kutetemeka, huyo anaondoka.”

Jirani alikuwa ameshafika kambi ya Barranco na kutua mzigo wake. Alipohesabu watu akaona mmoja hayupo, akapanda tena. Alimkuta juu ya jiwe, akamvua sweta, akamvika koti lake, akabeba mzigo wa kijana kichwani na kijana mwenyewe akamshika mkono. Kambini akamwingiza kwenye hema la jiko, akalala naye chini ya blanketi moja, mgongo kwa tumbo, hadi kukacha.

“Alikuwa ananuka mafuta ya taa na vitunguu. Mpaka leo Msamaria Mwema akisomwa kanisani, mimi nasikia harufu hiyo.”

Asubuhi kijana alimwuliza kwa nini amefanya vile, ilhali anajua yeye ni mtoto wa nani. Yule mzee alikuwa akifunga mzigo. Akamjibu: “Chai yako inapoa.”

Waliposhuka, kijana alikata jani la isale. Kwa mila ya Wachaga, anayeomba radhi hupeleka jani hilo, na anayepelekewa hawezi kukataa kusamehe. Mmea uliokuwa mpaka wa ugomvi ndio aliouchukua mkononi kwenda nao kwa jirani, na baba yake alikasirika kwa sababu, kwa hesabu za baba, wao ndio waliodhulumiwa. Miezi michache baadaye alimwomba yule mzee ampeleke kwa mwinjilisti wa mtaa, akaanza mafundisho upya akiwa mtu mzima, amekaa benchi moja na watoto wa kipaimara.

“Na mpaka wa shamba?”

“Masale hayakurudi,” alisema. “Tunalima upande wetu.”

Nilifurahi kwamba hakuipamba hadithi. Mtu anayetaka kukuongoa angerudisha migomba.

Baadaye nilimkumbuka Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefanya kazi kwa miaka mingi Kidia, Old Moshi. Gutmann aliandika kitabu kikubwa kuhusu sheria za Wachaga, kilichotoka 1926, na alishikilia kwamba kanisa lisimng'oe mtu kutoka kwa ukoo, jirani na rika lake ili kumfanya Mkristo wa peke yake. Vijana wa kipaimara aliwaunganisha katika vikundi vya kulindana, kwa mfano wa ndugu wa ngao waliokuwa wakisimama pamoja zamani. Wapo waliomlaumu kwamba aliipenda mno mila na kuhofia mno mabadiliko. Ila mlimani, penye watu wanaohesabiana kila kambi, mawazo yake yana miguu. Mmisionari mwenziwe Richard Reusch yeye alipanda Kibo mara nyingi hivi kwamba kreta ya kileleni ina jina lake, na ndiye aliyempiga picha chui mkavu aliyekutwa kwenye ukingo wa barafu. Reusch ameachiwa ramani. Gutmann, nadhani, ameachiwa wagumu.

Kutoka Horombo njia hupita kibao kinachotangaza maji ya mwisho, kisha huingia kwenye uwanda mkavu kati ya Mawenzi na Kibo. Hakuna mti, hakuna ndege, ni vumbi la kijivu na upepo. Mawenzi, mita 5,149, imechongoka vipande vipande. Wachaga husema ni jirani aliyezoea kuja kwa Kibo kuomba moto, mpaka Kibo akachoka akampiga kwa mchi. Wagumu walituacha mbali, wakitembea wawili wawili. Wa mbele akitua, wa nyuma humshikia mzigo, kisha hubadilishana. Kwenye uwanda huo unaonekana wazi ukubwa wa kazi yao: maji ya kupikia yanabebwa, gesi inabebwa, viazi na mayai vinabebwa, na taka zote hushuka kwa kichwa kile kile.

Nisiipake kazi hii rangi ya utakatifu. Mlima huu umeua wagumu kwa baridi. Kuna misafara ambayo mgumu hula mara moja kwa siku, hulala kwenye hema linalovuja, na bakshishi yake hukatwa njiani kabla haijamfikia. Baadhi ya misafara hiyo nayo huanza kwa sala, tena ndefu.

Kituo cha Kibo kiko mita 4,720. Tulilala jioni kwa nguo zote, tukaamshwa kabla ya saa sita usiku kwa chai na biskuti. Kiongozi alipita na kifaa kidogo cha kubana kidoleni, kinachosoma oksijeni katika damu. Mhasibu mmoja kutoka Dodoma, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, alipimwa mara mbili. Siku iliyotangulia alikuwa amenisimulia, bila kuulizwa, kwamba hajaingia kanisani tangu mazishi ya mama yake. Aliilipia safari hii akiwa na matumaini, alivyosema, ya kupata kileleni neno ambalo mahubiri yalishindwa kumpa. Watu wengi huja na mzigo huo. Mizani ya langoni haiusomi.

Tulipanda kwa mwanga wa taa za kichwani, nyoka mrefu wa nukta nyeupe juu ya changarawe inayorudi nyuma kila ukikanyaga. Kwenye Pango la Hans Meyer, kama mita 5,150, mhasibu alitapika, kisha akaanza kuongea maneno yasiyopangika. Kiongozi alimwangazia macho, akamwomba atembee mstari ulionyooka, akaona anayumba. Hakujadiliana naye. “Dada yangu, wewe unashuka sasa hivi.” Alilia, akasema amelipa, akasema amebakiza kidogo tu. Kiongozi akamwita kijana aliyekuwa akisaidia njia usiku ule, Mwislamu kutoka Kondoa, akamkabidhi. Kijana alimshika kiwiko kwa mkono mmoja na mkoba wake kwa mkono wa pili, na taa zao mbili zikaanza kurudi chini.

Sisi wengine tulifika Gilman's, mita 5,685, kukiwa bado giza, tukazunguka ukingo wa kreta, na jua lilitukuta karibu na Stella. Ni kweli yote yanayosemwa: barafu hugeuka rangi ya waridi, kivuli cha mlima hulala juu ya mawingu mpaka mwisho wa macho, na mtu mzima hulia bila kujua sababu. Mzee wa Kijerumani alipiga magoti kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895, palepale ambapo Luteni Alexander Nyirenda aliuweka Mwenge na bendera mwaka 1961. Sina haja ya kuyatilia shaka machozi yake. Lakini hewa huko ni kama nusu ya ile ya pwani, kichwa kinagonga, na baada ya dakika chache kiongozi hupiga makofi: picha zimetosha, tushuke. Hakuna anayeishi kileleni.

Jioni ile, Horombo, nilimkuta mhasibu jikoni kwa wagumu, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kikombe cha uji mkononi. Kushuka kumemponya, kama kawaida ya ugonjwa wa mwinuko ukiwahiwa. Alinisimulia kwamba yule kijana wa Kondoa alimwongelesha njia nzima ili asisinzie: alimwuliza majina ya watoto wake, kisha majina ya shangazi zake, kisha bei ya nyama Dodoma. Kila aliposimama kijana alisema “bismillahi” na kumvuta hatua nyingine. Alipofikishwa Kibo alivuliwa buti na mtu ambaye hata jina hakulijua.

“Mama yangu,” alisema, “miezi yake ya mwisho mimi ndiye niliyekuwa nikimvua viatu.” Akanywa uji. “Nilidhani Mungu hakuwepo mle chumbani.”

Hakusema zaidi, nami sikumwuliza. Aliniambia tu kwamba Jumapili ikimkuta Moshi ataingia ibada ya kwanza, akaomba aongezewe uji.

Asubuhi ya mwisho bakshishi iligawiwa hapo hapo Horombo. Kiongozi alisoma kila jina kwa sauti, na kila fungu kwa sauti, mbele ya wageni na wagumu, ili asiwepo wa kusema hakusikia. Kijana wa mtungi wa gesi alipewa sawa na wenzake. Kisha zikaimbwa nyimbo mbili, wa Kondoa akipiga makofi kwa zote.

Tukishuka msituni nilimwuliza kiongozi ni wangapi amewaona wakiongoka mlimani katika miaka yake yote. Alifikiri kidogo, akakwepa tope.

“Mimi nahesabu wanaopanda na wanaoshuka. Hesabu zikilingana, nimemaliza. Hiyo nyingine haina fomu.”

Nimeiweka kauli hiyo mbele ya makanisa yetu, ambayo siku hizi hupenda kupeleka vijana milimani wakati wa Pasaka na likizo za shule. Safari hizo hupangwa zielekee kwenye kilele: mahubiri yanasubiri mahali penye mandhari, na kijana anatarajiwa kuguswa mbele ya mawingu. Waguswe, ni haki yao. Ila ningekuwa mpangaji, ningetazama kwanza nani anabeba sufuria, nani anatembea na anayechelewa, na nani anaruhusiwa kumwambia tajiri wa kundi ageuke arudi. Watu niliokutana nao Kilimanjaro walimpata Kristo, au walianza kumtafuta tena, mahali ambapo mtu fulani aliwabebea kitu bila kuwauliza ni watoto wa nani. Kazi hiyo inaweza kupangwa. Inahitaji mizani, makoti makavu ya kutosha, na kiongozi anayejua kuhesabu watu wake kabla ya giza.